Miwani ya Mzee



Najua nimewatupa. Wiki ya nne hii sijaandika hata mstari humu ndani. Bunge la bajeti likianza hapa Dodoma sisi waandishi wadogo hatulali: asubuhi kipindi cha maswali, mchana unamkimbiza mheshimiwa koridoni, jioni mhariri anapiga simu kutoka Dar anauliza mbona habari haijafika. Lakini leo sitaki kuongelea bajeti. Nataka kuongelea miwani ya baba yangu, jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi wa tatu. Lina fizikia ndani yake, ila msikimbie.

Mzee wangu ni dereva wa Fuso. Anabeba alizeti na vitunguu kutoka Singida kuja Dodoma, na akirudi anapakia saruji, mabati, chochote kitakachopatikana. Kwa waliopita njia ile wanajua: kutoka Dodoma unakwenda Bahi, Kintinku, Manyoni, halafu unakamata Ikungi mpaka Singida mjini. Ni kama kilomita 240. Ukiondoka Dodoma saa kumi jioni, mpaka Manyoni unaelekea magharibi na jua limekukalia usoni. Mzee amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Macho yake yamekuwa mekundu tangu nikiwa mdogo, mpaka mimi nilidhani madereva wote huzaliwa hivyo.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa gazeti nikasema sasa na mimi nimkumbuke. Mama nilimnunulia kitenge. Mzee nikamnunulia miwani ya jua kwa kijana mmoja aliyekuwa anatembeza karibu na stendi. Shilingi 15,000. Kwenye kioo kulikuwa na kibandiko cha rangi ya dhahabu kimeandikwa "Polarized". Nikajiona msomi, nikamwambia yule kijana, "Hii ndiyo ninayoitafuta, inakata mng'ao." Akaniitikia kwa furaha, "Umeona sasa bosi, wewe unajua vitu!"

Mzee aliipenda mno. Alikataa hata kukibandua kile kibandiko. Akiwa kijiweni na madereva wenzake Kizota alikuwa anaivua, anaipangusa kwa shati, anasema, "Hii kaninunulia mwanangu mwandishi, huyu alisoma fizikia chuo kikuu."

Basi bwana. Mwezi wa tatu mwishoni, mvua imetoka kunyesha, Mzee anapita Bahi saa kumi na moja jioni. Mnaoijua Bahi mnajua yale majaruba ya mpunga, maji kila upande. Lami nayo ilikuwa imelowa, inawaka kama kioo. Ghafla utingo akapiga kelele. Mbele yao kulikuwa na kijana juu ya baiskeli, amefunga madumu mawili ya maji, na Mzee hakuwa amemwona kabisa. Alikanyaga breki, akakata usukani, Fuso likayumba. Yule kijana kwa hofu akajirusha mtaroni. Alichubuka goti na dumu moja likapasuka. Mzee akashuka, akampa shilingi elfu tano, akaendelea na safari mikono inatetemeka.

Aliponisimulia Jumapili yake, alimaliza hivi: "Mungu mkubwa. Ningekuwa sina miwani yako, yule mtoto ningemuua."

Sijui kwa nini siku hiyo ndipo nilipopata wazo la kuijaribu. Nilimwomba baba miwani, nikaingia chumbani nilikokuwa nalala enzi za shule, nikatafuta kalkuleta yangu ya zamani. Kipimo chake ni rahisi kuliko kupika chai. Unawasha kalkuleta, unaitazama skrini kupitia kioo cha miwani, halafu unaizungusha miwani polepole kama usukani. Ikiwa ni ya kweli, kuna mahali skrini itazima kabisa, iwe nyeusi tii. Ukiendelea kuzungusha, namba zinarudi.

Nilizungusha. Nikazungusha tena. Namba zilibaki palepale, zimefifia kidogo tu. Ilikuwa plastiki iliyotiwa rangi nyeusi, basi. Kioo cheusi cha namna hiyo kinapunguza kila kitu kwa kiasi kilekile: kinapunguza mng'ao wa lami, na kinampunguza pia kijana aliye kwenye baiskeli.

Nilirudi sebuleni, nikamrudishia Mzee miwani yake, nikasema, "Iko safi baba." Jamani, nilisema hivyo. Ndiyo maana naandika.

Sasa mtaniuliza: wewe umesoma fizikia, kwa nini hukuipima siku ile unainunua? Swali zuri, na jibu lake linaniaibisha. Kidato cha sita tulifundishwa polaraizesheni. Mwalimu alichora ubaoni kamba inayopita katikati ya uzio wa fito zilizosimama: ukiitikisa kamba juu-chini wimbi linapita, ukiitikisa kulia-kushoto linakwama. Tukanakili. Tukakariri sheria ya Malus. Shule haikuwa na hata kipande kimoja cha ile plastiki, na mwalimu mwenyewe nadhani alikuwa hajawahi kuishika. Swali likaja kwenye mtihani, nikalipata. Chuoni nikaiona mara moja kwa mbali, niko mstari wa nyuma wa ukumbi wa watu mia mbili. Nikahitimu ualimu wa fizikia na hisabati, ajira ya ualimu haikutokea, nikaingia gazetini. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu ile plastiki isipokuwa yenyewe.

Na hata huo uzio wa fito unadanganya! Mwaka jana niliandika makala fupi kuhusu miwani ya jua, nikaeleza kwamba ndani ya kioo kuna minyororo ya molekuli iliyosimama wima kama zizi la Mgogo, na mwanga unaotetemeka wima unapenya katikati ya miti. Mwalimu mmoja mstaafu akanipigia simu kutoka Kondoa. Hakuwa na haraka. Akasema, "Kijana, zizi lako umelisimamisha. Lilaze."

Yuko sahihi. Mwanga ni wimbi, na mtetemo wake unaweza kuwa juu-chini, kulia-kushoto, au upande wowote unaokata njia yake. Mwanga wa jua una mitetemo ya pande zote imechanganyika. Ukigonga maji au lami iliyolowa na kurudi machoni, unarudi umechujwa: sehemu kubwa inatetemeka kwa kulala, sambamba na uso wa maji. Kwa maji, ukigonga kwa pembe ya nyuzi kama 53 kutoka mstari wima, unaorudi ni wa kulala mtupu. Huo ndio mng'ao unaotupofusha. Dawa yake ni kioo kinachomeza mtetemo wa kulala na kuacha wa wima upite.

Kioo hicho hutengenezwa kwa kuvuta. Unachukua utando wa plastiki inayoitwa polivinaili alkoholi, unaupasha, unauvuta mpaka molekuli zake zilizokuwa zimejikunja kama nywele zinyooke zote upande mmoja. Halafu unaunywesha ayodini, ndugu wa yale madini joto ya kwenye chumvi. Ayodini inajipanga kwenye molekuli zilizonyooka, na elektroni zinapata barabara ya kukimbilia. Mwanga unaotetemeka kufuata barabara hiyo unazisukuma elektroni na kumezwa. Mwanga unaotetemeka kuikata barabara hauna pa kuzipeleka, unapita. Kwa hiyo kwenye miwani utando huvutwa kwa upande, kulia-kushoto. Zizi limelala. Mwalimu wa Kondoa, shikamoo popote ulipo.

Njia ya ayodini aliileta Mmarekani Edwin Land mwaka 1938. Lakini utando wake wa kwanza, ambao aliombea hataza mwaka 1929, ulitumia fuwele za kwinini na ayodini. Ndiyo, kwinini hii hii ya malaria! Fuwele hizo ziligunduliwa mwaka 1852 na daktari wa Bristol, Uingereza, aitwaye William Herapath. Mwanafunzi wake alikuwa amedondosha ayodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini (msiniulize kwa nini) na vikatokea vijifuwele vya kijani. Herapath akavitazama kwa hadubini, akaona kwamba vinapopishana, pengine vinapitisha mwanga na pengine vinakuwa giza. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyetoka Usambara. Alikuwa anatuhadithia kuhusu miti ya kwinini ya Amani, iliyopandwa na Wajerumani kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli zilipozibwa, askari wa Kijerumani huku walitibiwa malaria kwa kwinini ya magome ya Amani. Bibi hakujua kwamba magome yale yana undugu na miwani.

Haya, sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi kwa uzuri wake. Utando wa ayodini una udhaifu: joto na unyevu vinauchosha. Fikirieni miwani iliyoachwa juu ya dashibodi ya Fuso, Dodoma, mwezi wa kumi saa saba mchana. Je, hakuna kitu kigumu zaidi cha kuweka ndani ya plastiki badala ya ayodini? Kipo. Madini yenyewe, fedha na dhahabu, yakiwa yamesagika hadi chembe za nano, chembe ambazo elfu kadhaa zikipangwa mstari hazifikii unene wa unywele mmoja.

Dhahabu ikiwa vumbi dogo kiasi hicho haing'ari njano tena. Ni nyekundu, kama divai. Elektroni za ndani ya chembe zinayumba kwa pamoja mwanga unapozipiga, kama maji ndani ya beseni ukilitikisa. Beseni la duara lina mwendo wake mmoja wa kuyumba, na kwa chembe ya duara ya dhahabu mwendo huo unameza rangi ya kijani, ndiyo maana tunaona wekundu. Sasa chukua hori la kunyweshea ng'ombe, refu na jembamba. Ukitikisa maji kwa urefu yanayumba polepole. Ukitikisa kwa upana yanayumba harakaharaka. Hori moja, miendo miwili.

Kwa chembe za dhahabu, hori unalipata kwa kuvuta plastiki. Chembe zilizokuwa zimejikusanya ovyo ndani yake zinaburutwa na kupangika mistari, kama shanga kwenye uzi, na mstari mzima wa shanga unakuwa kama hori moja refu. Mwanga unaotetemeka kufuata mstari unakutana na myumbo wa polepole, unaomeza upande wa wekundu, na plastiki inaonekana ya bluu. Mwanga unaotetemeka kuukata mstari unakutana na myumbo wa haraka, na plastiki ileile inaonekana nyekundu. Ukiitazama kupitia miwani ya kweli na kuizungusha robo mzunguko, rangi inageuka mbele ya macho yako. Ya fedha nayo inageuka kutoka njano kwenda nyekundu au zambarau.

Jambo hili si jipya. Hermann Ambronn na Richard Zsigmondy walilionyesha Ujerumani mwaka 1899 kwa jelatini iliyotiwa dhahabu na kuvutwa. Zsigmondy baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925 kwa kazi zake za chembe ndogo kama hizo. Miaka mia ikapita. Mwaka 1999 watafiti wa chuo cha ETH, Zurich, wakalifufua kwa plastiki ya polithini. Wadau, polithini! Ile ile ya mfuko wa rambo, uliopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Na dhahabu nayo tunayo jirani. Ukipita Singida ukaelekea Iramba kuna Sekenke, walikochimba Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza, na dhahabu yake ikatumika kupiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo, Tabora, mwaka 1916. Yaani Mzee amekuwa akipita miaka ishirini katikati ya vitu viwili vinavyotengeneza ule utando, dhahabu upande mmoja na rambo zilizonasa kwenye miiba upande wa pili. Kinachokosekana katikati ni maabara.

Msidhani nawauzia miwani ya dhahabu, haipo madukani. Plastiki hizi zinafaa zaidi kwa vichujio vya rangi na skrini. Ila ndugu yake wa kioo yupo kazini: kampuni ya Corning ya Marekani hutengeneza kioo kilichovutwa chenye chembe ndefu za fedha ndani, kinachostahimili joto ambalo plastiki ingeyeyuka, na kinatumika kwenye vifaa vya mawasiliano ya nyuzi za mwanga. Nilimpelekea mhariri wangu yote haya kama wazo la makala. Akanijibu kwa ujumbe wa maneno manne: "Habari yenyewe iko wapi?"

Habari yenyewe ilikuwa Kizota.

Nilikaa na ule uongo wiki tatu. Nikaenda duka la miwani mjini na kalkuleta mfukoni, nikazungusha miwani moja moja mbele ya muuzaji aliyekuwa ananitazama kama mwehu. Mbili zilizokuwa na maandishi ya "Polarized" hazikufanya kitu. Ya tatu skrini ikazima. Nikainunua bila kuomba kupunguziwa, na wanaonijua wanajua hilo si kawaida yangu.

Jumamosi nikaenda nyumbani. "Shikamoo baba." "Marahaba, mbona mapema?" Nikafungua kompyuta yangu mezani, nikaweka ukurasa mweupe mtupu. Nikampa miwani mpya, nikamwambia ainamishe kichwa taratibu kuelekea bega. Skrini ikazima machoni pake. Akarudisha kichwa, ikawaka. Akacheka kwa sauti, akamwita mama. Halafu nikachukua mfuko laini wa mkate, ule unaopitisha mwanga, nikauvuta mbele ya skrini ukingali umezima. Pale nilipovuta pakatokea rangi: waridi, kijani, bluu, zinabadilika kadiri unavyovuta. Mama alisema ni kama mafuta juu ya maji. Mzee akaunyakua mfuko akawa anauvuta mwenyewe mpaka ukakatika.

Nikampa ile ya zamani. "Na hii baba, fanya hivyo hivyo."

Akainamisha kichwa. Akakirudisha. Akainamisha tena upande wa pili. Skrini ilikuwa nyeupe muda wote. Akaivua, akakitazama kile kibandiko cha dhahabu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hii si yenyewe."

"Si yenyewe baba. Nilijua tangu siku ile uliponisimulia. Nikaogopa kukwambia."

"Na yule kijana wa Bahi. Sikumwona kwa sababu ya hii?"

Hapo nilitamani niwe mwandishi kweli, mwenye jibu la uhakika. Nikamwambia ukweli ninaoujua: kwamba hata miwani ya kweli haizuii jua la moja kwa moja, inakata ule unaorudi kutoka kwenye maji na lami, kwamba siku ile vyote viwili vilikuwepo, kwamba kioo cheusi kisichochuja kinaweza kuwa kilimfifisha yule kijana badala ya kumwonyesha. "Inawezekana," nikasema.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliifunga ile miwani, akaiweka juu ya kabati pale anapoweka leseni za zamani, akatoka nje kuangalia tairi.

Tangu siku hiyo kalkuleta yangu inaishi ndani ya Fuso. Alhamisi alinipigia simu kutoka Manyoni, nyuma yake nasikia kelele za madereva. Amepima miwani tano hapo kijiweni, moja tu ndiyo imezima, na mwenye moja wapo ya zilizofeli amekasirika anasema kalkuleta ndiyo mbovu. Kisha akalalamika kwamba miwani mpya ina tatizo: akiweka simu kwa upande, kioo cha simu kinakuwa cheusi, haoni anayepiga ni nani. Nikamwambia hilo ndilo thibitisho, asiongee na simu huku anaendesha.

Kabla ya kukata akasema kitu kingine. Alikuwa amesimama Bahi siku hiyo, pale kwenye majaruba, akamuulizia kijana mwenye baiskeli na madumu. Wakamwambia vijana wa namna hiyo ni wengi. Akirudi na mzigo wa alizeti Jumatatu atasimama tena. Amenunua dumu.